Kazi na Bata Kwenye Mashine Moja: Jinsi Laptopu Ilivyofika Magomeni

Ukipanda mwendokasi Magomeni Mapipa saa moja asubuhi, acha sura za watu, angalia mabegi. Kuna watu wamevaa begi la mgongoni kwa mbele, wamelikumbatia kama mtoto mchanga. Humo ndani kuna laptopu. Mchana inapiga hesabu za duka la mtu Kariakoo, usiku ikirudi nyumbani inageuka TV ya chumba kizima, na wikiendi kuna inakopelekwa kwenye shughuli kupiga singeli mpaka majirani wapige simu serikali ya mtaa.

Sasa mchukue binti mmoja wa Magomeni Mikumi. Anatunza vitabu vya duka la vitenge Kariakoo, usiku anahariri video za harusi na send-off, na akichoka anataka season yake ya Kikorea bila kuomba TV ya mtu. Wiki hii amepokea mchezo, laki tano na nusu. Si unajua mchezo ulivyo, zamu yako ikipita imepita, mpaka mzunguko mwingine. Akinunua mashine ya hovyo hana kwa kulia, na hela ya video za harusi inakauka hapo hapo. Kwa hiyo swali la "ninunue laptopu gani, iwe ya kazi na ya bata" kwake ni swali la kodi ya chumba.

Jibu la swali hilo lipo kwenye historia kuliko kwenye matangazo ya Insta. Na historia yenyewe inaanza na katazo.

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, kitu cha kujaza chumba, wala usifikirie kibodi na skrini. Serikali ikajaribu kuhamishia hesabu zake kwenye kompyuta na mambo yakaenda kombo. Hela zilitoka, mashine ilikuwa ya wageni, wataalamu walikuwa wageni, na hesabu zenyewe hazikukaa sawa. Mwaka 1974, nchi ikiwa imebanwa na ukame na bei ya mafuta, fedha za kigeni hazionekani, Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta. Kilichofurahisha, kama kuna cha kufurahisha hapo, ni kwamba seti za televisheni nazo ziliingizwa kwenye katazo. Kifaa cha kazi na kifaa cha starehe vikawekwa kapu moja, vyote anasa, vyote vikae huko huko nje.

Na huyo Rais aliyekuwa madarakani alikuwa mtu wa Magomeni. Nyumba ya Mwalimu Nyerere ipo Mtaa wa Ifunda mpaka leo, sasa ni makumbusho, na vijana wanapita pale na laptopu begani bila kujua uhusiano. Tusimlaumu mzee kirahisi rahisi hivyo. Nchi iliyokuwa inahangaika kununua chakula isingeweza kumshangilia mtu anayeagiza TV. Lakini gharama ilikuwepo. Zanzibar, ambayo katazo la Bara halikuigusa, ilikuwa na televisheni yake ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970. Bara tulingoja mpaka 1994 ndipo vituo binafsi kama ITV na CTN vikaanza kurusha. Miaka 20. Mtoto aliyezaliwa Magomeni mwaka wa katazo alifikisha umri wa kuoa ndipo akaona TV ya nyumbani kwao.

Kwenye kompyuta mlango haukufungwa kabisa. Taasisi iliyotaka iliomba kibali maalum, ikaeleza sababu, ikasubiri. Masharti yakaanza kulegea miaka ya 1980. Ila angalia jinsi katazo lilivyoacha alama kichwani: kompyuta ikawa kitu cha Serikali, cha benki, cha chuo kikuu. Kitu cha kuombea ruhusa. Mtu wa kawaida hakuwaza kabisa kuwa nayo chumbani.

Huku kwetu tukiomba vibali, wenzetu walikuwa wanaipunguza ukubwa. Mwaka 1981 Marekani ilitoka Osborne 1, kompyuta ya kwanza ya kubeba iliyouzika kweli kweli. Kubeba kwenyewe ni kilo 11 na ushee, skrini ya inchi 5, na betri hakuna, lazima uchomeke ukutani. Kama begi la cherehani. Mwaka uliofuata ikaja GRiD Compass, hii ndiyo iliyofunguka kama kitabu, umbo unalolijua leo. Bei yake ilizidi dola 8,000, kwa hiyo wateja wake walikuwa wakubwa wa makampuni, jeshi na NASA. Mwaka 1985 Toshiba wakaleta T1100, na mwaka 1992 IBM wakatoa ThinkPad, boksi jeusi lenye kinundu chekundu katikati ya kibodi. Mbunifu wake alichukua wazo kwenye kisanduku cha chakula cha Wajapani, kile ukikitazama nje ni cheusi kimya, ukifungua ndio unakuta mambo.

Hapo shika jambo moja, litakuja kutufaa mbele ya safari. Laptopu ilizaliwa kwa ajili ya mtu wa ofisi anayesafiri. Ilitengenezwa idondoke isivunjike, ichapwe kutwa nzima, na ikiharibika fundi wa kampuni aifungue fasta abadilishe kifaa maisha yaendelee. Sinema na gemu hazikuwa kwenye hesabu.

Turudi Dar. Miaka ya 1990 kompyuta zinaingia maofisini na kwenye vyuo vya "kozi ya kompyuta", na heshima zake zilikuwa za msikitini. Unavua viatu mlangoni. Chumba kina AC. Mashine imefunikwa kitambaa, wengine mpaka cha kufumwa. Mwalimu anakusimamia usiguse usichofundishwa. Wengi waliopita kule watakwambia kitu cha kwanza walichoshika kwenye mausi kilikuwa mchezo wa karata. Na hawakuwa wazembe! Ule mchezo wa Solitaire, Microsoft waliuweka kwenye Windows 3.0 mwaka 1990, na kazi yake mojawapo ilikuwa kumzoesha mtu kukamata kitu kwa mausi, kukiburuta na kukiachia. Yaani bata ndio lilikuwa somo lenyewe. Waliokuwa wanafukuzwa darasani kwa kucheza karata walikuwa wanasoma.

Kutoka chuoni kompyuta ikaingia mtaani kupitia steshenari. Hii ndiyo taasisi ambayo haijapewa heshima yake. Kichumba cha mita mbili kwa mbili, kompyuta ya mezani yenye mgongo kama wa gari, printa, na dada anayechapa barua za maombi ya kazi kwa ukurasa. Kwenye ile ile kompyuta ya kuchapia CV za watu kulikuwa na folda la nyimbo, na spika mbili juu ya kabati. Wateja wakipungua, unachomwa wimbo kwenye CD. Kazi na bata zilishaanza kuishi pamoja, hakuna aliyetunga sera.

Upande wa starehe, kulikuwa na vibanda umiza. Benchi, pazia jeusi, TV moja na deki, na sinema za Kihindi na Kichina zilizotafsiriwa Kiswahili. Aliyetamba kwenye kutafsiri alijulikana kwa jina la Lufufu, na kuna watu wazima leo wakikumbuka sinema fulani wanakumbuka sauti yake, sio ya muigizaji. Kanda zikaja CD, CD zikaja DVD, DVD ikawa na tundu kwenye laptopu. Mtu akagundua kwamba akiwa na laptopu hahitaji kibanda.

Lakini aliyeivuta kompyuta mpaka chumbani kwa kijana wa uswahilini, wadau, ni muziki. Mwaka 1997 kampuni ya Ubelgiji, Image-Line, ilitoa programu iliyoitwa FruityLoops, leo FL Studio. Kabla ya programu za namna hiyo studio ilimaanisha mtaji: vinanda, mixa, mashine za kurekodia, chumba kilichozibwa sauti. Sasa biti ikawa inatengenezwa kwa mausi. Matokeo yake usiyatafute mbali. Toka Magomeni, tembea mpaka Mburahati, ndiko ilikokuwa studio ya Sisso, moja ya viwanda vya singeli. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya kazi za pale ikatoa albamu ya Sounds of Sisso, na muziki wa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, uliotengenezwa kwenye kompyuta za kuungaunga, ukaanza kupigwa kwenye matamasha ya Ulaya. Mtu akikwambia laptopu ya kijana ni ya kuchezea tu, mpe mfano huo. Kuchezea kukawa ndio ajira.

Kwa nini laptopu na sio kompyuta ya mezani, ambayo kwa bei hiyo hiyo ina nguvu zaidi? Sababu ya kwanza ni umeme. Wakazi wa Dar wanaukumbuka mgao wa 2006 na ule wa 2011. Umekaa saa tatu unaunga video, Tanesco wanachukua chao, kompyuta ya mezani inazima na kazi yako. Laptopu yenye betri nzima inakupa muda wa kusevu na kumalizia. Sababu ya pili ni chumba. Magomeni ya kupanga ni chumba kimoja, kitanda, kabati, jiko la gesi kwenye kona. Meza ya kompyuta utaiweka wapi, juu ya ndoo? Na ya tatu, mtu wa kupanga anahama. Kinachohamia kwenye begi ndicho mali.

Halafu ukaja mkonga. Julai 2009 mkonga wa SEACOM uliopita chini ya bahari uliwashwa Dar es Salaam, mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Kabla ya hapo intaneti ilitegemea sana setilaiti, bei juu, kasi ya konokono, watu wanapanga foleni intaneti kafe kulipia kwa saa. Baada ya mkonga zikaja modemu za kuchomeka, vifurushi vya usiku, na vijana waliokuwa wanalala mchana kwa sababu usiku walikuwa wanashusha sinema. Intaneti kafe zikaanza kufa moja moja, nyingine zikabaki steshenari.

Mahitaji yakapanda. Na hapo ndipo Kariakoo ilipofanya kinachoifanya iitwe Kariakoo.

Ofisi za Ulaya na Marekani hubadilisha laptopu za wafanyakazi kila baada ya miaka mitatu, minne hivi, hata kama zinafanya kazi vizuri, kwa sababu dhamana imeisha au mkataba wa kukodi umeisha. Zile mashine zinauzwa kwa jumla. Nyingi zinapita Dubai, zinafutwa vumbi, zinawekewa diski, zinapangwa madaraja, halafu zinapanda meli au ndege kuja kwetu. Ukitembea Mtaa wa Aggrey na mitaa ya jirani utazikuta: HP EliteBook na ProBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad (Lenovo waliinunua biashara ya kompyuta ya IBM mwaka 2005). Nyingine bado zina alama ya gundi ya stika ya kampuni. Nyingine herufi Z na Y zimebadilishana mahali, hiyo ilikuwa ofisini Ujerumani au nchi jirani yake, na Kiswahili kilivyojaa Z na Y utajikuta unaandika "yiara" badala ya "ziara" wiki nzima.

Watu wanaona aibu kusema wamenunua mtumba. Wanataka mpya, ya boksi, yenye nailoni. Basi linganisha. Laptopu mpya ya bei ya laki tano, sita, kwa kawaida ni ile ya daraja la chini kabisa: prosesa ya Celeron, RAM ya 4, bawaba za plastiki, na mara nyingi RAM imechomelewa kwenye bodi, huwezi kuongeza. Itafungua barua pepe na kucheza sinema. Mpe video ya harusi ya saa mbili aiunge, utaona inavyohema. Kwa hela hiyo hiyo mashine ya ofisini iliyotumika ina prosesa ya i5, mwili wa chuma, kibodi ya kuchapa kutwa, na nyingi zina nafasi ya kuongeza RAM. Ile tabia ya tangu 1982, ya kutengeneza kwa ajili ya mtu wa ofisi na fundi wake, ndiyo inayomfaa mtu wa Magomeni. Kioo kikipasuka, kipo Kariakoo. Kibodi ikimwagiwa chai, ipo. Ya boksi yenye jina usilolijua, fundi atakuangalia tu.

Udhaifu upo, na ni huko huko kwenye bata. Mwenye kampuni hakuhitaji mfanyakazi wake aone sinema vizuri. Kwa hiyo nyingi zina skrini iliyofifia, ukiitazama kwa upande rangi zinageuka, na spika zinasikika kama redio ndani ya sufuria. Gemu za kisasa sahau, utacheza PES za zamani na kushukuru. Spika inatibika kwa spika ya nje. Skrini haitibiki kirahisi, kwa hiyo anayehariri video aitazame dukani, aiinamishe huku na huku, aulize kama ni ya 1920 kwa 1080, akiambiwa ni 1366 airudishe mezani.

Kuna mitego ya kutazama kabla hela haijatoka mkononi. Betri kwanza: Windows yenyewe ina ripoti, unaandika powercfg /batteryreport kwenye kile kidirisha cheusi cha amri, inakuonyesha uwezo wa kiwandani na uwezo uliobaki. Ukiona ilizaliwa na 50,000 imebaki 20,000, hiyo ni laptopu ya kukaa karibu na ukuta. Zima, washa, ingia kwenye BIOS. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, hiyo bado ni ya kampuni ya watu, achana nayo hata kama inang'aa. Na chaja iwe ya mashine hiyo, sio "inaingia tu".

Mtego mkubwa wa sasa hivi, ambao muuzaji hatakutajia, una tarehe. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 kwa prosesa za Intel inataka jenereshini ya 8 kwenda juu, ukiacha chache sana. Unadhani makampuni ya Ulaya yalifanya nini na mashine zao za jenereshini ya 6 na ya 7? Yalizitoa. Ndiyo maana bei zake zinavutia. Mashine haijaharibika, itawaka, itapiga FL Studio, ila masasisho ya usalama yanaisha (kuna nyongeza ya mwaka mmoja mpaka Oktoba 2026, kwa mwenye kujiandikisha), na mtu anayefanya hesabu za duka la watu na kuingia akaunti ya benki humo humo anajiweka pabaya. Wapo watakaokuwekea Windows 11 kwa njia za panya. Inakubali, lakini Microsoft wenyewe hawakuahidi kuihudumia. Kama hela ndiyo hiyo hiyo, Linux ni bure na haibagui jenereshini, shida programu za kuhariri ulizozoea nyingine hazimo.

Kuijua jenereshini hakuhitaji fundi. Soma namba baada ya i5. Ikiwa 6300U, hiyo ya 6. Ikiwa 8250U, hiyo ya 8. Ikiwa 10210U, hiyo ya 10. Muuzaji akikwambia tu "ni i5 hiyo, moto", mwambie i5 zipo tangu 2009.

Na MacBook? Kwa haki, MacBook Air ya M1 ya mwaka 2020 ilibadilisha mambo: haina feni, betri siku nzima, video inaunga bila kuhema. Kwa mwenye hela ya ziada ni mashine ya kazi na bata kuliko hizo zote. Lakini RAM yake haiongezwi, fundi wake ni wa kutafuta, na nyingi zinazouzwa bei ya kutupa zimefungwa akaunti ya mtu au ya kampuni, unabaki na sinia la fedha. Kuna watu mjini wanabeba hiyo tufaha iliyong'atwa kwa ajili ya kukaa nayo kafe tu. Hao hawahusiki leo.

Binti wa Mikumi, kwa laki tano na nusu yake, kinachomfaa ni mashine ya ofisini ya jenereshini ya 8, RAM 8 na tundu la kuongezea, SSD ya 256, skrini ya 1920. Ikizidi hela kidogo, apunguze kwenye ukubwa wa diski, maana diski ya nje atanunua mchezo ujao. Asipunguze kwenye jenereshini wala kwenye skrini, hivyo haviongezwi baadaye.

Na siku atakapopandisha daraja, hiyo mashine haifi. Magomeni Mapipa ziko steshenari zinazoendeshwa na Latitude ambazo betri zilishatolewa zamani, zimechomekwa ukutani asubuhi mpaka usiku, kibodi kimebakia herufi nusu, dada anachapa kwa kukumbuka. Anajaza fomu ya mkopo wa chuo ya mtoto wa watu, dirisha la pembeni singeli inalia. Luku ikiisha, vyote viwili vinakata kwa pamoja, mteja anaambiwa asubiri kidogo, anatumwa mtoto akanunue umeme.